Tuambieni muuaji aliipataje bunduki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba bunduki ni chuma tu, na kwamba mtu aliyekusudia kuua watu wengi atawaua hata asipokuwa na bunduki. Nimeisoma barua yake zaidi ya mara moja na sina shaka aliandika kwa nia njema. Ila mimi nilikuwa mtunza ghala la silaha. Utumishi wangu wote ulikuwa kutoa bunduki na kuzipokea, kuhesabu risasi zilizotoka na zilizorudi, na kufunga mlango. Jambo hili analolijadili yeye kwa hoja, mimi nilikabidhiwa kama kazi, na nitalieleza kama nilivyolijua.

Wengi hudhani ghala la silaha hutiwa makufuli kwa ajili ya wezi. Wezi ni sababu mojawapo. Sababu nyingine, ambayo wakubwa wetu walitueleza bila kuficha siku tulipoanza kazi, ni askari wenyewe. Askari ni binadamu. Ana ndoa, ana madeni, ana mkubwa aliyemwaibisha mbele ya wenzake kwenye gwaride. Akitoka lindo anairudisha bunduki dirishani. Magazini, yaani kisanduku kinachobeba risasi, inatolewa, chemba, yaani chumba cha risasi ndani ya bunduki, inakaguliwa, namba ya bunduki inasomwa na kuandikwa daftarini, risasi zinahesabiwa mojamoja, anatia saini, anaondoka mikono mitupu. Usiku akigombana na mwenzake bwenini, watagombana kwa maneno na ngumi. Asubuhi utawaona wote wawili mstarini, mmoja jicho limevimba, na maisha yanaendelea.

Sisi tulikuwa tumepimwa afya, tumefundishwa silaha, tumekula kiapo. Bado hatukuruhusiwa kulala na bunduki, na sikumbuki askari aliyelalamika kwamba kwa kufanyiwa hivyo ameonekana mhalifu. Kila mmoja alijua kuna usiku asingependa kuwa nayo karibu. Ndiyo maana napata tabu kuelewa inakuwaje raia ambaye hakuna aliyemfundisha wala kumpima auziwe bunduki ya uwezo uleule, tena na risasi kadiri apendavyo, kisha aachwe nayo chumbani.

Katika habari zote za mauaji ya halaiki nilizozifuatilia, iliyonikaa moyoni zaidi ni ya Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Oktoba 25, 2023, mwanajeshi wa akiba aliingia kwenye ukumbi wa mchezo wa bolingi, kisha kwenye baa, akaua watu 18. Mtu huyu hakuzuka ghafla. Miezi kadhaa kabla ya hapo ndugu zake walikuwa wamewaambia polisi kwamba anasikia watu wakimsengenya hata pasipo na mtu, na kwamba nyumbani ana bunduki. Julai, akiwa mazoezini na kikosi chake, hali ilizidi akalazwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili kwa wiki mbili hivi. Agosti jeshi likaelekeza kwamba akiwa kazini asipewe silaha, asishike risasi, asishiriki mazoezi ya kufyatua. Septemba askari mwenzake, rafiki yake wa karibu, akamwandikia mkubwa wao kwamba anaogopa mtu huyu atakuja kuwamiminia watu risasi.

Agizo lile la Agosti nalielewa vizuri, maana maagizo ya namna hiyo huishia kwa mtunza ghala: fulani asipewe. Jina lake unaliweka mahali ambapo kila wa zamu ataliona, na akija dirishani unamwambia arudi kwa afisa wake. Humtukani wala humhukumu. Unamnyima tu, mpaka waliosomea ugonjwa wake waseme amepona. Basi jeshi lilifunga dirisha lake. Lakini nyumbani alikuwa na bunduki zake mwenyewe, alizonunua kihalali, na huko hapakuwa na wa zamu. Tume huru iliyoundwa na jimbo ilisema baadaye kwamba polisi wa eneo lake walikuwa na sababu za kutosha kumshikilia na kuanza taratibu za kumwondolea silaha, ila hawakufanya hivyo. Jeshi nalo lililaumiwa kwa kutomfuatilia. Kwangu mimi hapa ndipo penye jibu la msomaji mwenzangu. Ni mtu mmoja, maradhi yaleyale, chuki ileile, mwaka uleule. Upande ambako silaha ilikuwa chini ya ufunguo wa mtu mwingine hakuna aliyekufa. Upande ambako ufunguo ulikuwa wake walikufa watu 18.

Uvalde, Texas, inasema jambo hilohilo. Uchunguzi wa bunge la jimbo uliandika kwamba kijana aliyeishambulia shule ya msingi ya Robb mjini humo, alipokuwa na miaka 17, aliwaomba watu wamnunulie bunduki wakakataa. Mwenyewe hakuweza kununua kwa sababu ya umri. Chuki alikuwa nayo tayari, na vifaa vya kuambatisha kwenye bunduki alishaanza kuviagiza. Alichokosa ni bunduki yenyewe, na muda wote huo watoto wa shule ya Robb walikwenda darasani na kurudi kwa wazazi wao. Mei 2022 akatimiza miaka 18. Ndani ya siku chache alikuwa na bunduki mbili na mamia ya risasi, kihalali kabisa. Mei 24 akaua wanafunzi 19 na walimu wao wawili.

Wanaosema dawa ni watu wema nao wabebe bunduki, naomba waisome taarifa hiyohiyo hadi mwisho. Walifika pale askari 376 wa vyombo mbalimbali vya usalama. Walikuwa na bunduki, walikuwa na ngao. Zaidi ya saa nzima ilipita kabla hawajaingia darasani na kumuua yule kijana. Wazazi wana haki ya kuwalaumu na mimi siwatetei. Nasema tu kwamba mtu mmoja mwenye bunduki ya aina ile, nyuma ya mlango, aliwazuia watu waliofunzwa na waliolipwa kumkabili. Risasi ya bunduki ile hupenya fulana za kawaida za polisi, na wao walilijua hilo. Mwalimu mwenye bastola mezani, akiwa na watoto 20 nyuma yake, tunamtaka afanye nini?

Msomaji mwenzangu alitoa mfano wa kisu. Tuuchukue mfano huo. Desemba 14, 2012, katika kijiji cha Chenpeng, mkoa wa Henan nchini China, mwanamume mwenye kisu aliwashambulia watoto kwenye shule ya msingi. Alijeruhi watoto 23 na bibi mmoja. Tarehe hiyohiyo, mjini Newtown, Connecticut, kijana mwenye bunduki aliingia shule ya msingi ya Sandy Hook akafyatua zaidi ya risasi 150 kwa dakika chache. Aliua watoto 20 wa miaka 6 na 7, na watu wazima 6 wa shule ile. Kule Chenpeng hakuna hata mtoto mmoja aliyekufa. Bunduki ya Newtown ilikuwa ya mama wa muuaji, imenunuliwa kihalali, imekaa katika nyumba walimoishi wawili. Mama mwenyewe ndiye aliyeuawa kwanza.

Sisemi kisu hakiui. Julai 2016, mjini Sagamihara nchini Japani, mtu aliua watu 19 kwa visu. Lakini alikwenda usiku, kwenye makazi ya watu wenye ulemavu, waliokuwa vitandani, ambao wengi wao hawangeweza kukimbia wala kujitetea. Kisu kinamtaka muuaji amfikie kila mtu kwa mkono wake, atumie nguvu zake, na kila anapomalizana na mmoja wengine wanapata nafasi ya kukimbia, kufunga mlango au kumpiga kiti. Bunduki haimdai muuaji chochote katika hayo. Mtoto anaweza kuwa hatua 50 mbali, amegeuza mgongo, anakimbia kwa nguvu zake zote, na kidole kimoja kikampata.

Kuna petroli pia, na kuna lori. Kyoto, mwaka 2019, mtu alichoma studio ya filamu za katuni wakafa 36. Nice, Ufaransa, Julai 14, 2016, lori liliua watu 86. Haya ni kweli na sitayapunguza. Hata hivyo petroli na lori vina kazi nyingine tunayovihitaji kila siku, na bado dereva wa lori hupimwa, hupewa leseni, na gari lake lina namba inayosomwa na kila mtu. Bunduki inayotema risasi 30 bila kujazwa upya imeundwa kwa ajili ya kuua watu vitani, ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyofundisha. Kama tunaidai leseni na namba kwa chombo cha kubebea mizigo, tutaachaje kuidai kwa chombo hiki?

Na Rwanda ya 1994, ambayo hutajwa kila mara mjadala huu unapoanza? Waliouawa kwa panga walikuwa wengi mno, hiyo haina ubishi. Lakini yale yalikuwa mauaji ya kimbari, yaliyopangwa na watu wa serikali, yaliyoendeshwa na wanamgambo na kuchochewa na redio kwa muda wa siku 100 hivi. Hayafanani na mtu mmoja anayejifungia na chuki yake hadi siku anayotoka. Na hata huko bunduki haikuwa kando. Katika vilima vya Bisesero Watutsi walijikusanya wakapigana kwa mawe na fimbo, na kwa wiki kadhaa waliwarudisha nyuma wenye mapanga. Kilichowavunja ni mashambulizi makubwa ya Mei, wanamgambo walipokuja pamoja na wanajeshi wenye bunduki na maguruneti. Anayeitumia Rwanda kusema bunduki si kitu, awakumbuke watu wa Bisesero.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wasiowahi kushika silaha hulipita haraka, nalo ni magazini. Pale uwanja wa shabaha, kuruta hubabaika zaidi anapobadilisha magazini kuliko wakati mwingine wowote. Mikono inatetemeka, magazini inaanguka mchangani, inaingizwa kinyumenyume, jicho linahama kwenye shabaha. Hayo ni mazoezi, hakuna anayelia wala anayemkimbilia. Zile sekunde chache za kubabaika ni uhai wa watu. Januari 8, 2011, mjini Tucson, Arizona, kijana alimpiga risasi mbunge Gabrielle Giffords pamoja na watu waliokuja kuonana naye. Alitumia bastola yenye magazini ya risasi 33. Aliua watu 6, mmoja wao binti wa miaka 9, na kujeruhi wengine 13. Magazini ilipokwisha akatoa nyingine, na hapo ndipo watu wa kawaida walipomrukia, mwanamke mmoja akaikamata ile magazini ya pili, wakambana chini hadi polisi walipofika.

Fikiri kama magazini ile ya kwanza ingekuwa ya risasi 10. Ujasiri wa watu wale ungekuwa uleule, ila wangeupata mwanya wao risasi 23 mapema. Na Marekani iliwahi kuwa na sheria hiyo. Kuanzia 1994 ilikuwa marufuku kutengeneza na kuwauzia raia magazini mpya za zaidi ya risasi 10. Sheria iliwekewa ukomo wa miaka 10, na ilipofika 2004 haikuhuishwa. Msichana wa Tucson alikuwa mtoto mdogo wa miaka mitatu wakati bunge lilipoiacha ife. Nikilifikiria hilo nakosa usingizi, na ninaliandika hapa kwa sababu sitaki tuzungumzie sheria kana kwamba ni karatasi tu.

Kuhusu Las Vegas sitasema mengi. Oktoba 1, 2017, mtu mmoja kwenye ghorofa ya 32 ya hoteli alifyatua zaidi ya risasi 1,000 kwa muda wa dakika 10 hivi kwenye umati wa tamasha la muziki. Walikufa 58 usiku ule, na wawili zaidi baadaye kwa majeraha yaleyale. Alikuwa ameingiza bunduki zaidi ya 20 chumbani mwake, zote za kununua dukani, na baadhi yake alizifunga kitako maalumu kinachoifanya bunduki ya risasi mojamoja iteme kama rashasha. Vitako hivyo vilipigwa marufuku mwaka uliofuata, na Juni 2024 Mahakama ya Juu ya nchi ile ikaiondoa marufuku hiyo. Katika ghala letu, askari akiomba bunduki mbili kwa mkupuo alikuwa anapelekwa kwa mkuu wa kikosi aeleze.

Nasikia pia hoja kwamba chanzo ni wagonjwa wa akili, au familia zilizovunjika, au michezo ya video. Nchi gani haina wagonjwa wa akili? Japani ina vijana wapweke na michezo ya video tele, ila pale anayetaka bunduki ya kuwindia lazima ahudhurie darasa, afanye mtihani wa kuandika na wa shabaha, apimwe akili, polisi wamchunguze yeye na jamaa zake, kisha waone kabati la kufungia, na risasi zikae mbali na bunduki. Bastola raia wa kawaida hapewi. Julai 2022 aliyetaka kumuua Shinzo Abe, waziri mkuu wa zamani, ilibidi ajitengenezee bunduki kwa vipande vya bomba la chuma na utepe. Alimuua, naam. Alifyatua mara mbili tu na pale pale akakamatwa, na umati uliomzunguka ukarudi nyumbani ukiwa hai. Marekani yenyewe, kwa makadirio ya shirika la utafiti la Small Arms Survey la Geneva, mwishoni mwa 2017 raia wake walikuwa na bunduki milioni 393 kati ya milioni 857 zilizokuwa mikononi mwa raia duniani kote. Yaani watu ambao ni kama asilimia 4 ya dunia wanashika karibu nusu ya bunduki za raia. Kama maradhi ya akili yangekuwa ndiyo yote, mauaji haya yangegawanyika duniani kwa kufuata idadi ya watu, na sivyo yalivyo.

Australia ndiyo ninayoitazama sana, maana ilijaribu. Aprili 28, 1996, huko Port Arthur katika kisiwa cha Tasmania, mtu mmoja aliua watu 35. Waziri Mkuu John Howard alikuwa kiongozi wa kihafidhina, tena wapiga kura wake wengi wa vijijini walikuwa wenye bunduki. Siku 12 baadaye alikuwa amekubaliana na majimbo yote: bunduki zinazojikoki zenyewe, yaani zinazojiandaa kwa risasi inayofuata kila zinapofyatuliwa, ziondoke mikononi mwa raia wa kawaida, kila anayetaka bunduki aeleze sababu ya kweli, kujilinda kusihesabiwe kuwa sababu, na asubiri siku 28 kabla ya kuruhusiwa kununua. Serikali ikazinunua na kuziponda bunduki zipatazo 650,000. Katika miaka 18 ya kabla ya hapo yalikuwa yametokea mauaji 13 ya bunduki yenye vifo vya watu 5 au zaidi. Baada ya hapo ikapita miaka zaidi ya 20 bila hata moja, hadi 2018 babu mmoja huko Osmington alipoiua familia yake. Na Desemba 2025, kwenye ufuo wa Bondi mjini Sydney, baba na mwanawe waliwaua watu 15 kwenye sherehe ya Kiyahudi ya Hanuka, na baba alikuwa na leseni. Haya mawili nayataja makusudi, maana msomaji mwenzangu angeniuliza. Sheria ile haikuwa kinga kamili. Lakini mimi nilipewa kazi ya kupunguza uwezekano, hakuna aliyeniambia niufute, na nchi iliyopunguza kwa kiasi kile kwa miaka mingi vile ina watu wengi wanaotembea leo wasijue kwamba waliokolewa.

Uingereza ilifanya kwa awamu mbili. Baada ya watu 16 kuuawa Hungerford mwaka 1987 ilipiga marufuku bunduki kubwa zinazojikoki zenyewe. Baada ya Dunblane, Machi 13, 1996, ambako mtu mwenye bastola za leseni aliua watoto 16 na mwalimu wao, iliziondoa na bastola. New Zealand, baada ya watu 51 kuuawa misikitini Christchurch Machi 15, 2019, bunge lake lilipitisha sheria kwa kura 119 dhidi ya 1 kabla mwezi mmoja haujapita. Muuaji yule naye alikuwa na leseni, na tume iliyochunguza ilikuta polisi hawakuifanya ipasavyo kazi ya kumhoji kabla ya kumpa.

Leseni ni mtu, Mhariri. Ikiwa anayeitoa hasomi, hahoji, hana wa kumkagua, leseni ni muhuri tu. Plymouth, Uingereza, mwaka 2021, kijana alinyang'anywa bunduki yake baada ya kuwapiga watu, kisha polisi wakamrudishia, na wiki chache baadaye akaua watu 5 akiwemo mama yake. Belgrade, Mei 3, 2023, mvulana wa miaka 13 aliua wanafunzi wenzake 9 na mlinzi wa shule kwa bastola za baba yake. Bastola zilikuwa kwenye sanduku la chuma, na mtoto alizijua namba za kulifungulia. Baba alikuwa akimpeleka kwenye mazoezi ya shabaha. Sanduku ambalo namba zake zinajulikana na kila aliyemo nyumbani halijafungwa. Sisi ghalani, mtu mmoja peke yake hakuweza kufungua: funguo mbili, watu wawili, na wote wawili majina yao kitabuni. Naliomba lifikiriwe hata kwa raia wanaoweka bunduki kwenye vilabu vya shabaha, zibaki huko huko.

Hilo la kuziacha huko huko lina ushahidi wake. Mwaka 2006 jeshi la Israel lilizuia askari wake vijana kwenda na bunduki nyumbani mwisho wa wiki, baada ya kuona wengi wanajiua wakiwa nyumbani. Watafiti walipolinganisha miaka ya kabla na baada, visa vya kujiua vilikuwa vimepungua kwa kama asilimia 40, na upungufu ulikuwa hasa siku za mwisho wa wiki. Askari walikuwa walewale, na shida zao hazikuondolewa. Kujiua na kuua wengi si jambo moja, najua. Ila wauaji hawa wengi huingia wakiwa wamekwisha amua kufa, na mtu anayetaka kufa anahitaji muda, mtu wa kumwona, usiku upite. Ghala lililofungwa huwapa muda huo.

Silaha za magendo zipo. Nova Scotia, Canada, Aprili 2020, aliyeua watu 22 hakuwa na leseni, na bunduki zake nyingi zilivushwa kutoka Marekani. Lakini nani anaona kwamba hilo linatetea urahisi wa kununua? Karibu kila bunduki ya magendo iliwahi kuwa halali kwanza, ilitoka kiwandani ikiwa na namba, ikauzwa au ikaibwa mahali palipolegea. Ukilegeza huku, jirani yako ndiye anayezika.

Nina ombi moja kwako na kwa waandishi wako. Kila yanapotokea mauaji ya namna hii gazeti linatupa picha ya muuaji, umri wake, walimu wake walivyomwona, alichoandika usiku wa mwisho. Jacinda Ardern, aliyekuwa waziri mkuu wa New Zealand, alikataa hata kulitaja jina la muuaji wa Christchurch, na nadhani aliona mbali. Nafasi hiyo ya picha itumieni kwa maswali ambayo mtunza ghala angeulizwa asubuhi ileile silaha yake ikipotea: Bunduki hii ni ya aina gani, na magazini yake inabeba risasi ngapi? Ilinunuliwa lini, na nani? Aliyeiidhinisha ni nani, na alimhoji nani? Ilikaa wapi usiku wa kuamkia siku ile, na nani mwingine alijua ilipo? Kuna aliyetoa taarifa kabla, na taarifa iliishia kwenye meza ya nani? Majibu ya Lewiston tuliyapata kwenye tume, baada ya mazishi na baada ya waandishi wengi kuondoka. Maswali hayo yangeulizwa wiki ya kwanza, wakubwa wangelazimika kuyajibu watu wakiwa bado wanasikiliza.

Na kama mwandishi wako atahitaji mtu wa kumweleza tofauti ya bunduki ya kukoki kwa mkono na inayojikoki yenyewe, ili habari isiandikwe vibaya, anuani yangu mnayo. Nitakuja.

Wako,
Sajini mstaafu, mtunza ghala la silaha